Wachambuzi wanawake wa siasa na mizani ya sura na hasira

Wachambuzi wanawake wa siasa ni wanahabari na wataalamu wanaofafanua mambo ya utawala hadharani, ambao hoja zao mara nyingi hupimwa baada ya mavazi, sura na tabia zao. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka nje ya siasa yenyewe. Mwaka 2014 nchini Australia, mtangazaji Karl Stefanovic alifichua kwamba alikuwa amevaa suti ileile ya buluu hewani kwa takriban mwaka mzima bila watazamaji kujali, ilhali mwenzake Lisa Wilkinson alikosolewa mara kwa mara kwa nguo zake. Hasira nayo ina mizani mbili. Utafiti wa Victoria Brescoll na Eric Uhlmann wa 2008 ulionyesha kuwa mwanamume anayekasirika kazini huongezewa hadhi, mwanamke hupunguziwa. Hasira ya mwanamume husemekana imeletwa na hali, ya mwanamke na hulka yake. Mizani hiyo ilionekana Marekani, Agosti 2015: mtangazaji Megyn Kelly alimuuliza Donald Trump, aliyekuwa akiwania urais, kuhusu matusi yake kwa wanawake, na baadaye Trump akazungumzia damu machoni mwa muulizaji.

Wapo wanaojibu kwamba televisheni ni chombo cha macho, na kwamba wanaume pia huchekwa. Nywele za Trump ni shahidi. Kweli, lakini kicheko hicho hakikuwahi kuhesabiwa kuwa jibu la hoja zake. Wala redio si kimbilio, kwani huko sauti ya mwanamke huitwa kali.