Bulyanhulu: Mgomo wa 2007 na safari ya vyama vya wafanyakazi migodini

Oktoba 2007, wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, Kahama mkoani Shinyanga, waligoma wakidai maslahi bora. Mgodi, uliokuwa chini ya kampuni ya Barrick ya Kanada, ulitangaza kuwa mgomo huo si halali. Kwa mamia ya watu, kibarua kikaota nyasi.

Kugoma ni haki ya mfanyakazi kisheria. Sasa inakuwaje mtu agome halafu ajikute hana kazi? Jibu linaanzia mbali kidogo.

Kutoka bandarini hadi serikalini

Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kufuata Reli ya Kati. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika (TFL), katibu mkuu wake wa kwanza akiwa Rashidi Kawawa.

Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Sheria ya 1962 ilibana migomo. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa na kikabaki chama kimoja tu, NUTA, ambacho kiongozi wake aliteuliwa na Rais. Baadaye ikaja JUWATA, jumuiya ya CCM, kisha OTTU mwaka 1991. Kwa miaka karibu 30, mfanyakazi hakuwa na chama cha kuchagua.

Migodi mikubwa yaja

Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998 ilifungua mlango wa vyama huru. Bulyanhulu ilianza uzalishaji 2001, na TAMICO, chama cha wafanyakazi wa migodi na ujenzi, kikaingia kuwatetea wachimbaji. Baadaye kikatokea chama kingine, NUMET, na wafanyakazi wakawa na uchaguzi.

Mgomo halali unafuata hatua

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mgomo, ila si wa kuamka asubuhi na kuacha kazi. Kwa kifupi:

- Mgogoro uwe wa maslahi, mfano nyongeza ya mshahara. Aliyefukuzwa kwa uonevu hagomi, anapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.
- Mgogoro upelekwe kwanza CMA kwa usuluhishi, na siku 30 zipite bila muafaka.
- Chama kikiitisha mgomo, wanachama wapige kura na wengi wa waliopiga wakubali.
- Mwajiri apewe taarifa ya saa 48.

Ukifuata hatua hizi, mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu tu umegoma. Ukiruka hata moja, kinga hiyo unaweza kuipoteza.

Chama si cha mgomo tu

Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika kinatambuliwa kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote. Kikiwa pungufu ya hapo, mwajiri halazimiki kukaa nacho mezani kama msemaji wa wote. Ndiyo maana kila kadi ina uzito.

Mwaka 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na Bulyanhulu ikapunguza shughuli na wafanyakazi. Katika hali kama hiyo sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema na kuzungumza na chama kuhusu sababu, namna ya kuwachagua watakaopunguzwa na kiinua mgongo. Uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea 2020, chini ya ubia wa Barrick na Serikali kupitia Twiga Minerals.

Kwa hiyo ukiona makato ya chama kwenye hati ya mshahara, usiishie kulalamika. Hudhuria vikao, mjue mwakilishi wa tawi lako, uliza mkataba wa hali bora unasemaje. Siku mambo yakiharibika, atakayeijua hatua ya kwanza ndiye mwenye nafasi ya kubaki na kazi yake.