Kinamasi cha Lorian na Kipimo cha Msafiri Tajiri

Mto Ewaso Nyiro, ukishuka kutoka nyanda za juu za Kenya ya kati, huishiwa nguvu katika uwanda wa Wajir na kutapakaa kuwa kinamasi cha Lorian, upande wa Habaswein. Katika karne ya 19 habari za maji hayo ziliwafikia Wazungu zikiwa zimetiwa chumvi, wakaamini kuna ziwa. Mwaka 1892 William Astor Chanler, Mmarekani wa miaka 25 kutoka ukoo wa matajiri wa Astor, aliondoka pwani ya Lamu kulitafuta akiwa na baharia wa Austria, Ludwig von Höhnel. Safari aliigharamia mwenyewe, na mizigo ilichukuliwa na wapagazi wa pwani. Walipofika walikuta matete na matope. Kwa msafiri aliyetaka ziwa, hayo yalikuwa masikitiko. Kwa wafugaji, matete na matope hayo ndiyo yaliyookoa ng'ombe na ngamia kiangazi kilipokaza. Vipimo hivi viwili, cha mandhari na cha maji, ndivyo vinavyoshindana hadi leo katika utalii wa kifahari, na naamini utalii hauwezi kudumu mpaka kile cha pili kitangulie.

Historia ya uwindaji inathibitisha kwamba mgeni mwenye fedha hajizuii kwa hiari. Chini ya utawala wa Waingereza, tajiri aliyetaka pembe alinunua leseni akawinda kwa heshima zote, huku mwenyeji aliyeua mnyama bila kibali akihesabiwa mwizi. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, si ustaarabu wa wawindaji uliofunga mlango huo. Ni amri ya serikali.

Wapo watakaosema kwamba msafiri wa leo ni mtu mwingine: hupiga picha badala ya risasi, na husema wazi kwamba anajali mazingira. Sikatai nia yake, ila nia ipimwe kwa matumizi. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilichapisha uchunguzi uliofanywa Zanzibar, katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93.2 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Kisiwa hakina mto wa kukiletea maji kutoka mbali. Maji mengi yanayojaza bwawa la kuogelea au kunyweshea bustani ya hoteli hutoka katika ardhi ile ile inayolisha kisima cha kijiji. Mgeni anayependa bahari safi anaweza kulala usingizi mzuri bila kujua hayo, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha hesabu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bila fedha za matajiri hifadhi hufa. Ina ukweli. Huko Ijara, katika Kaunti ya Garissa, hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilizungushia uzio eneo la kumlinda swala aitwaye hirola, na mwaka 2012 swala 48 wakaingizwa humo, kwa msaada wa wafadhili wa nje. Lakini ardhi ni ya wafugaji, na ridhaa yao ndiyo iliyotangulia. Fedha zilifuata uamuzi wa wenyeji, hazikuununua. Huo ndio mpangilio unaofaa hata visiwani.

Wakazi wa Habaswein wanajua thamani ya kuuliza mapema. Ulipoletwa mradi wa kuvuta maji ya ardhini kutoka kwao hadi mji wa Wajir, walipinga wakihofia visima vyao kukauka, ingawa waliokusudiwa kunywa maji hayo ni jirani zao wenye kiu. Ikiwa jirani mwenye kiu huulizwa atachukua kiasi gani na kitabaki kiasi gani, hoteli ya kifahari haina sababu ya kusamehewa swali hilo. Iulizwe kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa, ijibu kwa lita, na wanaoteka maji kijijini wawe na haki ya kulikataa jibu lake.