Nguo Zilizokizunguka Kisiwa: Nani Mwenyeji wa Kilwa?

Yasimuliwa kwamba kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo. Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, alifika na jahazi zake, akamkuta mwenye nchi, akataka kukaa. Wakapatana bei, nayo ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Hadithi hii imo katika tarikh ya Kiarabu iliyotungwa katika karne ya 16, ambayo nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877 na hivi leo imehifadhiwa London. Imo pia katika masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Aghlabu wasomaji huzichanganya hadithi hizi mbili wakazifanya moja, na hapo ndipo lipoteapo jambo kubwa.

Katika tarikh ya Kiarabu, muuzaji ni kafiri. Anapokea nguo zake, anavuka kwenda bara, kisha anajuta na kurudi na watu wake kumwua mgeni na kumnyang'anya mali. Anakuta mkondo umekwisha chimbwa, maji hayapwi tena, na njia ya miguu haipo. Hapo khabari zake zinakwisha. Katika masimulizi ya Kiswahili, mtu huyo huyo ana jina na ana kabila: ni Mrimba, Mmachinga. Kabla yake walikwisha kaa watu wengine kisiwani. Anamwoza mgeni binti yake kabla ya kumwuzia nchi. Na mtoto wa ndoa ile, alipokua, alikwenda bara kumtafuta babu yake, akapewa ufalme kwa mkono wa babu. Kwa hadithi ya kwanza, masultani wa Kilwa ni Washirazi waliokikuta kisiwa mikononi mwa kafiri. Kwa ya pili, ni wajukuu wa Mmachinga. Hata hiyo tarikh ya Kiarabu haikuweza kuficha kila kitu, maana yasema kwamba wageni walimkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake, na msikiti wao umesimama.

Aliyeshika kalamu alikuwa mtu wa mji, naye alikuwa na haja ya ukoo. Ushirazi haukuwa uwongo mtupu, wala haukuwa kweli yote. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, ikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ilionekana kwamba kwa wengi wa watu hao wa pwani nusu ya asili yao au zaidi ni ya Afrika, na hiyo ilipita hasa kwa akina mama. Upande wa Asia ulikuja kwa akina baba, wengi wao wa Uajemi, pamoja na fungu dogo la Uhindi; na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Binti wa Mrimba alikwisha lisema jambo hilo karne nzima kabla ya maabara.

Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliandika kwamba wengi wa watu wa mji ule walikuwa Zanji, weusi sana. Kisha akamsifu sultani wao, al-Hasan bin Sulaiman, kwa kuivamia mara kwa mara nchi ya Zanji na kuchukua ngawira. Msomaji wa leo hushangaa: Zanji wawavamia Zanji? Lakini mpaka haukuwa wa rangi. Ulikuwa wa dini, wa nyumba ya mawe, wa nguo iliyovaliwa. Aliyekuwa ndani ya mpaka aliitwa mwungwana. Aliye nje, mshenzi. Mpaka wa namna hii una ubaya wake wa pekee, kwani unavukika. Na aliyeuvuka jana ndiye ajitahidiye leo kuufunga.

Karne ya 19 iliuzidisha ukali. Waomani walimwondoa sultani wa mwisho wa Kisiwani katika miaka ya 1840, na biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara. Huko zilikutana misafara ya Wayao kutoka ziwa Nyasa, majahazi ya Waarabu, na mitaji ya Wahindi: Mabohora, Makhoja, Mabanyani. Walionunuliwa walikuwa watu, maelfu kwa maelfu, hata mkataba wa mwaka 1873 ulipolifunga soko la Unguja. Mji mmoja, kabila nyingi, na kila kabila na kazi yake na kiburi chake. Mwarabu alimdharau Mhindi kwa kuwa hachukui silaha. Mhindi aliwadharau wote kwa kuwa hawajui hesabu. Mswahili wa Kivinje alimwita Mnyasa kila mtu aliyefungwa kamba, hata kama hajaliona ziwa maishani mwake.

Kutoka pwani hiyo, ukielekea kaskazini, ndipo ilipo Kinjumbi, kati ya bahari ya Samanga, ambayo sasa huitwa Somanga, na vilima vya Umatumbi. Watu wa vilima waliyajua majina waliyopewa na watu wa pwani. Walishuka na sandarusi na mpira, wakapanda na nguo na chumvi, na katikati ya safari hiyo alikaa mwenye duka. Wajerumani walipokuja hawakuubuni utaratibu mpya. Waliuokota wa zamani wakaupa bunduki. Waliwateua maakida, Waarabu na Waswahili wa pwani, wakawaweka juu ya Wamatumbi kukusanya kodi na kusimamia pamba ya lazima. Dharau iliyokuwa mdomoni ikawa kiboko.

Mwisho wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba. Wakamwendea akida wa Kibata, kisha wakateremka Samanga wakayachoma maduka ya Wahindi. Waandishi wetu wengi hupita mbio hapo, kana kwamba maduka hayo yaliwaka yenyewe. Mwenye duka hakuwa mtawala, na deni si kodi. Lakini kwa mtu aliyedaiwa na wote wawili, tofauti hiyo ilikuwa finyu, na waliochomewa hawakuulizwa nani kati yao alikuwa mdhulumu na nani alikuwa karani wa mdhulumu.

Hata hivyo vita vile havikuwa vita vya kabila. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, aliwapa maji Wamatumbi, Wakichi na Wangindo sawasawa. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na G.C.K. Gwassa katika miaka ya 1960 yana jambo la ajabu: alifundisha kwamba wote, mwungwana na mtumwa, ni watu wa Seyyid Said. Seyyid Said alikuwa amekufa tangu 1856! Mtu wa vilimani, akitafuta jina la kuwaunganisha watu waliobaguliwa na pwani, alilichukua jina la sultani wa pwani. Hakuliona kuwa la kigeni. Kwake lilikuwa jina kubwa kuliko kabila, na jingine hakuwa nalo.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, swali la Mrimba lilirudi bungeni. Oktoba 1961 baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere akatishia kujiuzulu pamoja na serikali yake, na hoja ikaanguka. Hivyo Mhindi aliyezaliwa Kivinje, wa mzazi aliyezaliwa nchini, akawa raia tarehe 9 Desemba mwaka huo bila ya kuomba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1971, serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi ya mtu yeyote. Wenye majengo walikuwa, kwa sehemu kubwa, Wahindi, na wengi waliihama miji midogo. Kivinje ilikwisha punguzwa na mambo mengine pia: biashara iliyohamia kwingine, na makao ya wilaya yaliyopelekwa Masoko.

Baada ya sensa ya 1967 mhesabuji wa Tanzania Bara hamwulizi mtu kabila lake. Majina yamebaki kujitafutia kazi. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Lindi na Mtwara walikwenda Dar es Salaam kuchuuza mitaani, na watu wakawaita kwa jina la kabila la Mrimba. Wapo wanaolivuta neno hilo kwenye Kiingereza. Wana bidii, lakini Wamachinga walikuwako kabla ya Kiingereza kufika pwani hii. Leo machinga hutembea Kariakoo na nguo begani, na akiulizwa kwao, aghlabu hutaja Mwanza, Iringa au Moshi.