Historia ya Waliojenga kwa Miti



Hapa kwetu Mulekera, mtu akibomoa nyumba ya zamani hatupi kitu. Mbao nzuri huziweka kando, misumari huinyosha, mabati huyahamishia kwingine, na nguzo zilizoliwa na mchwa huwa kuni. Mvua za msimu mmoja zikishapita, majani huota uwanjani, wala hakuna alama ya kumwambia mtoto aliyezaliwa mwaka ule kwamba pale palikuwa na familia, meko na kitanda cha bibi. Ndivyo zilivyotoweka nyumba za babu zetu, zilizojengwa kwa miti, matete, udongo na nyasi. Ndivyo vinavyotoweka pia, kwa haraka na kwa uchungu zaidi, vijiji vilivyochomwa moto katika vita vya eneo letu la Beni.

Kutokana na hayo huzuka neno ambalo tumelisikia mara nyingi, hata vinywani mwa wasomi: wazee wetu hawakujenga kwa mawe, kwa hiyo hawakuacha historia. Sisi wenyewe, tulipokuwa tukisomea ualimu, tulilipokea neno hilo bila kuliuliza swali. Leo tunataka kulipima pamoja nanyi.

Tuanze na Waroma, kwa kuwa hao ndio husifiwa kwa majengo ya mawe. Kaskazini mwa Uingereza pana mahali paitwapo Vindolanda, palipokuwa na ngome ya askari wao. Ngome ya kwanza, iliyojengwa karibu na mwaka 85 baada ya Kristo, ilikuwa ya miti. Ilibomolewa ikajengwa tena kwa miti, si mara moja tu, kabla ya mawe kutumika. Kila walipojenga upya, walifunika mabaki ya chini kwa udongo na majani. Ardhi ya pale ina maji mengi, na hewa haikupenya. Kwa sababu hiyo nguzo, sakafu, viatu vya ngozi na hata barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mti zilidumu. Barua za kwanza ziligunduliwa mwaka 1973. Moja ni ya mwanamke aitwaye Claudia Severa, akimwalika rafiki yake kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake.

Tuzingatie sababu. Mti huozeshwa na vijidudu na kuvu, navyo huhitaji hewa. Pasipo hewa, mti waweza kukaa muda mrefu mno. Pale ambapo ardhi hukauka na kulowa kwa zamu, mti wa Mroma huoza sawasawa na mti wa Munande. Kilichookoa jengo la Vindolanda si ukuu wa waliolijenga, bali ni tope lililolizika.

Hata mti ukioza wote, mara nyingine huacha dalili. Aliyesimika nguzo alichimba shimo kwanza, kisha akalijaza udongo na kuushindilia. Udongo huo hautafanana tena na ule wa kando ambao haukuguswa. Nguzo inapooza, mahali pake hubaki duara la udongo mweusi zaidi. Mchimbaji mwenye subira hukwangua ardhi polepole, huyahesabu maduara hayo, huyachora kwenye karatasi, na kutoka kwayo hupata ukubwa wa nyumba na mahali pa mlango. Kwa njia hii zimejulikana nyumba nyingi za miti duniani ambazo hakuna hata kipande kimoja cha mti wake kilichobaki.

Sasa turudi Afrika. Mto Kalambo hupita mpakani mwa Tanzania na Zambia, huanguka katika maporomoko yenye kimo cha zaidi ya mita 200, kisha huingia Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile linaloogesha pwani za Uvira na Kalemie. Katika miaka ya 1950 na 1960, mtaalamu J. Desmond Clark alichimba karibu na maporomoko hayo akapata zana za mawe na vipande vya miti ya kale sana, lakini katika siku zake hapakuwa na njia ya kuujua umri wake kwa uhakika. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na Larry Barham, wa Chuo Kikuu cha Liverpool, lilirudi kuchimba ukingoni mwa mto. Likakuta gogo lenye urefu wa karibu mita 1.4 limelala juu ya shina la mti mwingine. Gogo la juu lilikuwa limechongwa pengo, likakaa juu ya lile la chini kama fundi anavyounganisha mbao mbili zisiteleze. Alama za kukata na kukwangua kwa zana za mawe zilionekana juu ya mti wenyewe.

Umri ulipimwa kwa chembe za mchanga uliofunika magogo hayo. Chembe ya mchanga ikikaa gizani hukusanya nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye mnururisho wa ardhi. Maabarani, nguvu hiyo hupimwa, na hivyo hujulikana ni lini chembe ile iliona jua kwa mara ya mwisho. Jibu lilitangazwa mwezi wa Septemba 2023: miaka isiyopungua 476,000. Mabaki ya kale zaidi yajulikanayo ya watu wa aina yetu, yaliyopatikana Morocco, yana miaka ipatayo 300,000 tu. Basi waliochonga pengo lile waliishi kabla yetu sisi, na tayari walijua kuunganisha mti na mti.

Je, ilikuwa nyumba? Wachimbaji wenyewe hawakusema hivyo. Walisema huenda ilikuwa jukwaa, au njia ya kupita juu ya tope, au msingi wa makao. Tujifunze adabu hiyo. Anayeipenda historia ya kwao haiongezei chumvi, kwa maana chumvi ikigunduliwa, hata kweli iliyomo haitasadikiwa tena.

Wala tusidhani mambo haya ni ya mbali tu. Ishango, pale Semuliki inapotoka Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa safu tatu, wenye miaka ipatayo 20,000. Leo mfupa huo uko Brussels. Chini kidogo kwenye mto huo huo, huko Katanda, zilipatikana ncha za mifupa za kuvulia samaki zinazokadiriwa kuwa na miaka 90,000. Kijana wa Beni anaweza kumaliza shule bila kuyasikia majina haya mawili.

Kwa hiyo neno lile tulilolipima halisimami. Wazee wetu waliacha historia, ila ardhi yetu huificha upesi, nasi huisaidia kuificha. Kuna kazi iliyo ndani ya uwezo wenu. Kila kundi la vijana limtafute mzee aliyewahi kujenga nyumba ya zamani, limwulize mti gani ulifaa kwa nguzo na upi kwa paa, shimo lilichimbwa kwa kina gani, nyasi zilikatwa mwezi gani, na majibu yaandikwe daftarini. Waliokimbia vijiji vyao waombwe, wakiwa tayari kusema, kuchora mahali nyumba zilipokuwa na majina ya wenye nyumba. Na mtu akichimba msingi au kisima akakuta vigae, mkaa au mawe yaliyochongwa, asivitawanye. Apaache palivyo, awaite walimu wapaone.

Ukingo wa Kalambo ulitunza magogo mawili kwa sababu ya maji. Huku kwetu, ambako mchwa hauachi kitu, hifadhi iliyobaki ni kumbukumbu ya wazee, nao wanapungua kila mwaka. Tuanze mwezi huu.