Ufutaji wa Barabara: Istilahi na Sheria Yake

Barabara ikifungwa kupisha mbio za marathoni au ulazaji wa mabomba, kila mtu anajua itafunguliwa. Sheria ya England na Wales ina kitendo kingine, kizito zaidi, ambacho wanasheria wa huko hukiita stopping up. Hapo kinachoondolewa ni haki ya umma ya kupita. Lami yaweza kubaki palepale, lakini tangu siku hiyo anayekatiza bila idhini anapita kwenye ardhi ya mtu.

Kwa mazoea tutaandika “kufunga barabara kabisa”. Mimi napendekeza ufutaji wa barabara. Tayari tunasema kufuta leseni, kufuta usajili, kufuta hati miliki: karatasi yaweza kubaki kabatini, ila nguvu yake kisheria imekwisha. Anayehofia kwamba msomaji atadhani lami inakwanguliwa, aandike kwa ukamilifu mara ya kwanza: kufuta hadhi ya barabara ya umma. Neno “kufunga” libaki na kazi yake ya siku zote, kwa kuwa katazo la muda la magari lina sheria yake tofauti, ya mwaka 1984, na kwa kawaida halizidi miezi 18.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu mahakama za England zinashikilia kanuni kongwe: njia ikishakuwa ya umma, ni ya umma daima. Ikiota majani miaka arobaini bila kupitwa na mtu, haki haijafa. Lazima itolewe amri ya kuifuta.

Amri ya mahakamani inatokana na kifungu cha 116 cha Sheria ya Barabara Kuu ya 1980. Mamlaka ya barabara hupeleka maombi mbele ya mahakimu na kuthibitisha moja kati ya mambo mawili: kwamba barabara haihitajiki tena, au kwamba ikichepushwa umma utapata njia ya karibu au nafuu zaidi. Kwamba jirani anasumbuliwa na vijana wanaokaa pale usiku, hiyo peke yake si hoja. Kabla ya hapo, kwa barabara ndogo zisizo kwenye madaraja rasmi, halmashauri ya wilaya na baraza la parokia hupewa taarifa. Moja likikataa ndani ya miezi miwili, maombi hayaendi popote. Naona hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote: baraza dogo la kijiji lina kura ya turufu.

Kisha yanakuja matangazo. Siku zisizopungua 28 kabla ya shauri kusikilizwa, taarifa hubandikwa kwenye ncha zote mbili za kipande kinachofutwa, pamoja na mchoro wake. Hutangazwa pia katika London Gazette na gazeti la eneo hilo, na kupelekwa kwa wenye ardhi inayopakana na barabara na kwa kampuni zenye nyaya au mabomba chini yake. Mahakamani, yeyote anayeitumia barabara hiyo ana haki ya kusikilizwa, hata kama hamiliki hata shubiri ya ardhi. Mahakimu wakiona inafaa, wanaweza kwenda wenyewe kuikagua. Ikiwa ni kuchepusha, njia ya zamani haizibwi mpaka ile mpya ikamilike na mahakimu wawili waridhike nayo. Amri inaweza pia kufuta haki ya magari tu na kubakiza njia ya waenda kwa miguu.

Ipo njia nyingine, kifungu cha 247 cha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya 1990, kwa barabara inayozuia ujenzi ulioruhusiwa. Hiyo hupitia kwa waziri, au halmashauri husika ndani ya London.

Na ardhi je? Hairudi serikalini. Pasipo ushahidi mwingine, sheria huchukulia kwamba kila mwenye kiwanja cha pembeni anamiliki hadi katikati ya barabara, kwa hiyo haki ya umma ikiondoka, anabaki na nusu yake.

Basi mwandishi wa habari au mfasiri anayekutana na habari ya namna hii aulize kwanza: je, haki ya kupita imeondolewa kwa amri, au magari yamezuiwa tu? Ikiwa ni la kwanza, aandike “imefutwa”.