Bahari kwenye hesabu

Sisi tuliokuzwa na ndagala za Tanganyika hii historia inatuhusu. Mwaka 1946 Mmarekani Gordon Riley alikadiria vimelea vya kijani vya baharini, chakula cha kwanza cha samaki, vinaongezeka na kupungua vipi pale Georges Bank: akahesabu mwanga, joto, mbolea ya majini na wadudu wanaovila. Bila kompyuta, jamani! Mwaka 1990 Fasham na wenzake wakatunga modeli ya kompyuta kwa maji ya karibu na Bermuda. Kufika 2019 modeli kadhaa zikaonyesha dunia ikipanda joto digrii 1, uzito wa wanyama wa baharini unapungua kama 5%, hata uvuvi usipohesabiwa. Maji ya juu yakipata moto hayachanganyiki vizuri na ya chini, mbolea inabaki kilindini. Na ziwa letu? Watafiti waliandika hayohayo kuhusu Tanganyika tangu 2003.