Mtoto Hufanya Nini Shuleni Siku Nzima? Mwongozo kwa Mzazi wa Shule ya Msingi

Muulize mtoto wa shule ya msingi, "Leo mmesoma nini?" Mara nyingi jawabu ni moja kati ya mawili: "Hakuna," au "Tumecheza." Mzazi akiamua kujitazamia mwenyewe, anafungua daftari na kukuta picha iliyopakwa rangi, majani yaliyobandikwa kwa gundi, na ripoti iliyoandikwa "anakaribia matarajio." Hakuna namba mia, wala hakuna nafasi ya ngapi. Wengi wetu tuliosoma chini ya 8-4-4 tunabaki tumeduwaa, kisha tunafunga daftari na kumwachia mwalimu.

Makala haya yanaeleza yanayofanyika katika siku ya kawaida ya shule ya msingi ya umma hapa Pwani, ili mzazi ajue aulize nini na lini. Kati ya yote yatakayoelezwa, moja ndilo la kushika: miaka mitatu ya kwanza, na hasa uwezo wa mtoto kusoma na kuelewa anachosoma.

Ngazi na ratiba

Chini ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima Januari 2019, mtoto huanza na miaka miwili ya elimu ya awali, yaani PP1 na PP2. Kisha huingia shule ya msingi kwa miaka sita. Gredi ya 1 hadi ya 3 ndiyo msingi wa chini, na Gredi ya 4 hadi ya 6 ndiyo msingi wa juu. Gredi ya 7 hadi ya 9 ni sekondari ya chini. Ingawa madarasa hayo yamo ndani ya viwanja vya shule za msingi, hiyo ni ngazi nyingine yenye walimu wake.

Saa za masomo kwa shule za kutwa ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 na nusu mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya hapo hadi saa 11 kasorobo ni wakati wa michezo, vyama na shughuli nyingine za nje ya darasa. Watoto wadogo hutoka mapema.

Kipindi kimoja ni dakika 30 kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, na dakika 35 kwa Gredi ya 4 hadi ya 6. Baada ya masomo kupunguzwa mwaka 2024, wadogo wana vipindi 31 kwa wiki na wakubwa vipindi 35. Wadogo wana masomo saba: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, lugha ya mama, Mazingira, Dini na Sanaa Bunifu. Wakubwa wana manane: lugha ya mama na Mazingira huondoka, na nafasi yake huchukuliwa na Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, na Elimu ya Jamii.

Asubuhi hadi mchana

Siku huanza kwa usafi. Wengine wanafagia darasa, wengine wanaokota taka uwanjani, wengine wanamwagilia miche. Mzazi asidhani mtoto wake anafanywa kibarua. Kutunza mahali unapokaa ni sehemu ya malezi, mradi kazi iwe ya kadiri ya umri na isile wakati wa masomo.

Hufuata gwaride. Jumatatu na Ijumaa bendera hupandishwa na wimbo wa taifa huimbwa. Mwalimu wa zamu hutoa matangazo na kukagua kucha, nywele na sare. Mtoto anayefika baada ya gwaride hupoteza mengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu katika shule nyingi vipindi vya kwanza huwekwa Hisabati na lugha, wakati akili haijachoka na joto halijapanda. Anayejua darasa la mabati mwezi wa Februari, pale Garsen au Msambweni, ataelewa kwa nini walimu hawapendi kufundisha Hisabati saa 8 mchana.

Wakati wa mapumziko ndipo utaona maisha ya watoto: kobole, kamba, mpira wa makaratasi, na vikundi vya wasichana wakisukana nywele. Nje ya lango kuna wauza viazi vya karai, bajia, ubuyu, achari ya embe na barafu. Ukimpa mtoto pesa asubuhi bila kumlisha, ujue hicho ndicho kiamsha kinywa chake. Mtoto mwenye njaa husinzia, na mwalimu mwenye watoto wengi darasani si rahisi atambue kuwa tatizo ni tumbo wala si uvivu.

Kusoma: kiini cha Gredi ya 1 hadi ya 3

Tangu mradi wa Tusome ulipoenea nchi nzima mwaka 2015, kusoma hufundishwa kwa hatua. Mtoto huanza na sauti ya herufi, akaja kwenye silabi, kisha neno, sentensi, na mwisho kifungu kifupi chenye maswali. Mwalimu husoma peke yake watoto wakisikiliza, halafu wote husoma pamoja, kisha kila mtoto husoma mwenyewe. Kila hatua imekaa juu ya nyingine. Mtoto aliyekosa wiki nzima kwa sababu ya harusi au safari ya Maulidi Lamu akirudi hukuta wenzake wako silabi nyingine, na bila msaada pengo hilo halizibiki lenyewe.

Sasa tazama hesabu hii. Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki katika Gredi ya 1 hadi ya 3. Vipindi vinne vya dakika 30 ni saa 2 tu kwa wiki nzima, zikigawanywa kwa darasa lote. Kiingereza kina vipindi vitano, yaani saa 2 na nusu. Muda huo haumtoshi mtoto ambaye nyumbani hashiki kitabu.

Ziko namba za kupimia. Vigezo vilivyotumiwa na mradi huo humhesabu mtoto kuwa msomaji mzuri akisoma maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika moja, au maneno 65 ya Kiingereza. Kiswahili kimewekewa kiwango cha chini kwa sababu maneno yake ni marefu: "tutakapowatembelea" ni neno moja. Mzazi mwenye simu ana saa ya kuhesabu dakika. Fungua kitabu cha mtoto ukurasa ambao hajaukariri, mpe dakika moja asome, kisha muulize maswali mawili juu ya alichosoma. Akisoma haraka bila kuelewa, bado hajasoma.

Kwa nini jambo hili ni zito? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kurudishwa nyuma darasa. Ni sheria ya huruma, kwani zamani watoto walirudishwa hadi wakaona haya na kuacha shule. Lakini maana yake ni kwamba asiyejua kusoma hatazuiwa mlangoni. Ataingia Gredi ya 4, akutane na Sayansi, Kilimo na Elimu ya Jamii, zote zikitaka asome mwenyewe. Hapo ndipo mtoto mchangamfu hugeuka mtukutu au mtoro, nasi tukasema amebadilika. Samaki mkunje angali mbichi.

Lugha ya nyumbani na lugha ya shule

Sera ya nchi, tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976, ni kuwa mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Kwa miji yetu mingi hicho ni Kiswahili. Vijijini ni Kigiriama, Kidigo, Kipokomo na nyinginezo.

Mzazi wa Mombasa au Lamu hudhani Kiswahili ni somo la bure kwa mwanawe. Lakini mtoto anayesema "moya" na "ndia" nyumbani hutakiwa kuandika "moja" na "njia" shuleni. Hajakosea kwa kusema kwao. Lahaja yake ni Kiswahili kamili na ina heshima yake. Afundishwe tu kwamba kila mahali pana usemi wake. Mwalimu anayemcheka humfunga mdomo, na mtoto aliyefunga mdomo hasomi.

Kazi za mikono

Majani yale yaliyobandikwa daftarini yana maana. Mtaala unataka mtoto afanye kitu, kisha aeleze alichofanya. Ndiyo maana ataomba makuti, vifuu, kombe za baharini au chupa tupu. Hakuna haja ya kununua. Mtoto wa Pwani amezungukwa na vifaa. Ukiambiwa ununue kitu cha bei dukani, uliza kwa upole kama hakuna mbadala. Na kazi aifanye mtoto. Mkeka uliosukwa na nyanya hauwezi kumwonyesha mwalimu anachoweza mjukuu.

Shule na chuoni

Kwa familia za Kiislamu, siku haishii shuleni. Mtoto hutoka, akala, akaenda chuoni hadi karibu na Magharibi. Kazi ya nyumbani humkuta baada ya Isha, macho yanafumba.

Hakuna haja ya kuchagua kimoja. Pwani ina mfano wake: mwaka 1986 Bi Swafiya Said alisaidia kuanzisha pale Liwatoni, Mombasa, shule ya awali iliyounganisha masomo ya dini na ya kawaida, na mpango huo ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Kinachotakiwa nyumbani ni kupanga. Mtoto afanye kazi ya shule mara anapotoka, kabla ya kwenda chuoni, na alale mapema. Ustadhi na mwalimu wa darasa wajuane. Mtoto anayeanza kuandika Kiarabu kutoka kulia na Kiswahili kutoka kushoto anaweza kuchanganya mwanzoni; mwalimu akijua hivyo hatamwita mzito.

Tathmini na mitihani

Ripoti ina viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Ukiona kimoja kati ya viwili vya mwisho katika lugha au Hisabati, usingoje mwisho wa mwaka. Nenda shuleni uulize ni jambo gani hasa mtoto hajaliweza.

KCPE, iliyoanza 1985, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa mwisho wa Gredi ya 6 kuna KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2022. Haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7, lakini si ya kupuuzwa: katika kupangiwa sekondari ya juu huhesabiwa asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60.

Haki na wajibu

Shule ya umma haitozi karo, na mtoto hafai kufukuzwa kwa sababu mzazi hajalipa mchango. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na sheria ya 2013 ikaweka adhabu ya faini au kifungo kwa anayemtesa mwanafunzi. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto shule.

Kila mzazi ni mwanachama wa Chama cha Wazazi, na katika Bodi ya Usimamizi kuna viti sita vya wawakilishi wa wazazi na jamii. Mikutano yake ikijaa kina mama pekee huku kina baba tukibaki barazani na kahawa, tusilalamike maamuzi yakipitishwa bila sisi.

Maswali ya kuuliza badala ya "Mmesoma nini?"

Nisomee ukurasa wa leo. Ni jambo gani lilikuwa gumu? Ulicheza na nani? Ulikula nini? Mwalimu alikuwapo? Maswali matano, dakika kumi, kila jioni, na hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuyauliza. Ukishafanya hivyo mwezi mmoja utamjua mwanao shuleni kuliko ripoti yoyote, na ukimwona amekwama, in shaa Allah utakuwa umewahi.